Njia ya Inca, Salkantay au Lares: safari ipi ya kikundi kuelekea Machu Picchu?

Anayetaka kuiona milima ya Andes kwa miguu, akiwa katika kikundi chenye mwongozaji, mara nyingi hufikia mji wa Cusco, kusini mwa Peru, na huko hukuta makampuni mengi yakiuza safari zinazokaribiana sana kwa maelezo na kwa picha: siku tatu hadi tano za kutembea, mahema, mpishi, na mwishoni Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Inca. Njia tatu ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni Njia ya Inca, barabara ya mawe iliyojengwa kabla Wahispania hawajafika. Ya pili ni Salkantay, inayopita chini ya kilele chenye barafu na kushuka hadi mashamba ya kahawa. Ya tatu ni Lares, inayokatiza vijiji vya wafugaji na wafumaji wanaozungumza Kikechua. Watu wengi huchagua kati ya hizi kwa kufuata umaarufu wa jina au unafuu wa bei. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: msafiri anataka kukutana na nini njiani, mawe ya kale, mlima wenyewe, au watu wanaoishi mlimani leo? Njia hizi tatu hazitoi kitu kimoja kwa viwango tofauti. Kila moja ina chake.

Kibali na tarehe

Njia ya Inca ndiyo pekee kati ya hizi tatu iliyowekewa kikomo cha watu. Katika njia ndefu ya siku nne huruhusiwa watu 500 kwa siku, na idadi hiyo inajumuisha wapagazi, wapishi na waongozaji, hivyo watalii wenyewe hubaki takriban 200. Kibali hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti ya msafiri, hakihamishiwi mtu mwingine, na hakipatikani isipokuwa kupitia kampuni au mwongozaji aliyesajiliwa, kwa sababu hakuna mtalii anayeruhusiwa kuipita njia hiyo peke yake. Kwa miezi ya Mei hadi Septemba, ambayo ndiyo majira ya ukavu, nafasi huisha miezi mingi kabla ya siku ya safari. Mwezi wote wa Februari njia hufungwa ili ifanyiwe matengenezo, na pia kwa sababu mvua huwa nyingi mno. Mtu ambaye pasipoti yake inakaribia kuisha muda afadhali aibadilishe kabla ya kuomba kibali, maana walinzi wa lango la Piscacucho, katika kilometa ya 82 ya reli, hulinganisha jina na namba kabla ya kumruhusu yeyote apite.

Salkantay na Lares hazina kikomo cha namna hiyo, na aliyechelewa kupanga anaweza bado kupata nafasi wiki chache kabla. Hata hivyo asidhani kwamba ameepuka foleni zote. Tiketi za kuingia Machu Picchu nazo zina idadi maalumu, huuzwa kwa saa na kwa mzunguko uliopangwa ndani ya magofu, na anayetaka kupanda Huayna Picchu, kile kilima chembamba kinachoonekana nyuma ya mji katika picha nyingi, anahitaji tiketi inayokitaja kilima hicho. Kampuni inayouza Salkantay au Lares inapaswa kueleza kwa maandishi ni mzunguko gani imenunua. Msafiri asipouliza, anaweza kupewa mzunguko wa chini usiofika mahali ambapo mji wote huonekana kwa pamoja, na hayo atayajua akiwa mlangoni.

Kuhusu bei yatosha kusema kwamba Njia ya Inca kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu ya kibali na kwa sababu kila kitu hubebwa na binadamu. Salkantay huwa na bei za kila aina, kutoka kulala katika hema la kawaida hadi nyumba za kulala wageni zenye maji ya moto.

Mwinuko, na magoti

Cusco yenyewe iko takriban meta 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hapa kuna jambo ambalo msomaji aliyepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya anapaswa kulitafakari sana, kwa kuwa uzoefu wake unaweza kumdanganya. Kilimanjaro mtu huanza katika lango lililo karibu na meta 2,000 na mwili hupata siku mbili au tatu za kuzoea kabla ya kufika meta 3,700. Cusco mtu hushuka kwenye ndege iliyotoka Lima, mji wa pwani, na kwa saa moja na kitu tu ameshafikia mwinuko unaokaribia ule wa kibanda cha Horombo. Kichwa kuuma, usingizi kukatika na chakula kutopita ni mambo ya kawaida katika siku mbili za mwanzo, hata kwa kijana mwenye nguvu. Shauri jema ni kwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi Ollantaytambo au Urubamba, miji ya bondeni iliyo chini ya meta 2,900, kulala huko usiku mbili au tatu, na ndipo kuanza safari. Ule mwendo wa pole pole wanaousisitiza waongozaji wa Kilimanjaro unafaa vilevile huku. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, itumiwe kwa ushauri wa daktari. Chai ya majani ya koka hutolewa kila hoteli na ni halali nchini Peru, lakini majani hayo yasibebwe kuvuka mpaka, na mtu ambaye kazini kwake hupimwa dawa za kulevya ajue kwamba chai hiyo inaweza kuonekana katika kipimo.

Sasa njia zenyewe. Sehemu ya juu kabisa ya Njia ya Inca ni pito, yaani mahali pa kuvukia mlima, la Warmiwañusca, meta 4,215, karibu sawa na Shipton's Camp ya Mlima Kenya. Pito la Salkantay liko takriban meta 4,630, yaani mwinuko wa Lava Tower ya Kilimanjaro, anaoujua kila aliyepita njia ya Machame au Lemosho. Lares si njia moja bali ni mtandao wa njia kadhaa, na mapito yake mengi huzidi meta 4,400. Naomba msomaji alizingatie hilo, kwa kuwa Lares hutangazwa mara kwa mara kama njia nyepesi ya wasio na mazoezi, ilhali hewa yake ya juu ni nyembamba kuliko ya Warmiwañusca. Unafuu wake uko kwingine: umbali ni mfupi, takriban kilometa 30 na zaidi kidogo kwa siku tatu, na miteremko ni ya udongo na majani, si ngazi.

Ngazi ndizo zinazowatesa watu katika Njia ya Inca. Urefu wake ni kilometa zipatazo 42, si nyingi kwa siku nne, lakini sehemu kubwa ni vidato vya mawe visivyolingana, vingine vikifika magotini. Siku ya pili mtu hupanda zaidi ya meta 1,000 kutoka kijiji cha Wayllabamba hadi Warmiwañusca, kisha hushuka takriban meta 600 hadi kambi ya Pacaymayo. Siku ya tatu, kutoka magofu ya Phuyupatamarca hadi yale ya Wiñay Wayna, hushuka meta zipatazo 1,000 nyingine. Mwenye magoti mabovu atateseka zaidi katika mteremko huo kuliko mwenye mapafu dhaifu atakavyoteseka katika kupanda. Fimbo mbili za kutembelea, zenye ncha za mpira kwa sababu ncha za chuma haziruhusiwi juu ya mawe yale ya kale, si anasa hata kidogo. Kwa upande mwingine, Njia ya Inca ina rehema moja: kambi zake haziko juu sana, ya mwisho ikiwa karibu meta 2,650, hivyo usingizi hurejea. Salkantay usiku wa kwanza hulalwa kambi ya Soraypampa, takriban meta 3,900, ambako mwezi wa Juni na Julai maji huganda ndani ya chupa. Umbali wake, kilometa zipatazo 70 kwa siku tano, ndio mrefu kuliko wote.

Salkantay haina mpinzani kwa asili

Ikiwa shauku ya msafiri ni maumbile, Salkantay inazishinda nyingine mbili, na inazishinda kwa mbali. Mlima wenyewe una meta 6,271 na ni mrefu kuliko yote katika safu ya Vilcabamba. Siku ya kwanza kikundi hupanda hadi ziwa Humantay, lililo karibu meta 4,200, ambalo maji yake ya kijani kibichi hutokana na unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu. Siku ya pili huvuka pito, barafu ya mlima ikiwa upande mmoja na ukungu ukipanda kutoka upande wa Amazoni, na jioni ya siku hiyohiyo huwa wameshuka hadi Chaullay, chini ya meta 3,000, mahali pa joto, unyevu, miti iliyofunikwa na kuvu na mbu wanaouma kwelikweli. Ni vigumu kutaja mahali pengine ambapo mtu hutoka penye theluji na kufika penye migomba kwa miguu yake ndani ya saa 24.

Siku ya tatu njia hufuata mto Santa Teresa kati ya mashamba ya parachichi, granadila na kahawa, na katika kitongoji cha Lucmabamba familia za wakulima huwapokea wageni, huwaonyesha jinsi wanavyochuma, kukoboa na kukaanga kahawa, kisha huwakaribisha kuinywa hapohapo. Msomaji wa Moshi, Bukoba au Kirinyaga atayatazama mashamba hayo kwa jicho la mwenyeji, kwa kuwa kahawa ile nayo hukua chini ya kivuli cha migomba na miti mingine, kama katika vihamba vya Wachaga. Siku ya nne, juu ya kilima cha Llactapata, kuna magofu madogo ambayo kutoka kwayo Machu Picchu huonekana ng'ambo ya bonde, ikiwa imebana juu ya mgongo wa mlima. Wengi huridhika na mwono huo kuliko na ule wa kesho yake ndani ya umati.

Barafu ya Salkantay haitadumu kama ilivyo. Peru ina takriban asilimia 70 ya barafu yote ya milimani iliyo katika ukanda wa tropiki duniani, na barafu hiyo inayeyuka, sawa na ile ya Kibo. Jambo hilo lina upande wake wa usalama pia. Mwaka 1998 mafuriko ya matope na mawe yaliuharibu mji wa Santa Teresa pamoja na reli iliyokuwa ikiendelea kwenda Quillabamba, na Februari 2020 poromoko jingine lilishuka kutoka Salkantay na kuua watu katika bonde hilohilo. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote aende Salkantay kati ya Januari na Machi, hata akipewa punguzo la bei.

Njia ya Inca nayo si maskini wa asili. Inapita ndani ya hifadhi ya Machu Picchu, yenye zaidi ya hekta 32,000, ambayo mwaka 1983 UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia kwa sababu za utamaduni na za maumbile kwa pamoja. Huanza katika bonde kavu la mto Urubamba, penye madungusi kakati, na kuishia katika msitu wa mawingu wenye okidi za rangi nyingi. Humo yumo dubu mwenye miwani, dubu pekee wa Amerika Kusini, ingawa ni bahati kumwona. Lares ni nyika ya juu: majani makavu ya ichu, maziwa madogo, na makundi ya lama na alpaka, mifugo ya huko yenye sufu. Aliyezoea Serengeti au Masai Mara asitarajie wanyama wengi katika yoyote kati ya njia hizi. Andes ni ya anayependa mimea, ndege, mawe na anga.

Mawe ya Njia ya Inca

Hapa sina budi kukiri ukuu wa Njia ya Inca bila kupunguza neno. Ni kipande kidogo cha Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara za dola ya Inca uliozidi kilometa 30,000 na kupita katika ardhi ambayo leo ni Argentina, Bolivia, Chile, Ekuado, Kolombia na Peru, na ulioandikishwa na UNESCO mwaka 2014. Katika siku nne kikundi hupita Patallacta, Runkurakay, Sayacmarca, Phuyupatamarca na Wiñay Wayna, kila gofu likiwa na kazi yake: pengine ghala na mashamba, pengine kituo cha wapiga mbio waliobeba ujumbe, pengine mahali pa ibada na maji. Wiñay Wayna, yenye matuta yaliyopinda kufuata mlima na mabafu ya mawe yaliyopangwa moja chini ya jingine, ingekuwa kivutio kikubwa kama isingekuwa jirani na Machu Picchu. Matuta hayo yanastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa chini ya udongo wake mlipangwa mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanga, ili maji ya mvua yapite bila kuuvunja ukuta. Ndiyo maana bado yamesimama baada ya zaidi ya miaka 500.

Mwongozaji mzuri ndiye huyageuza mawe hayo kuwa habari. Bila yeye mtu huona kuta tu. Hii ndiyo sababu ya kuchagua kampuni kwa ubora wa waongozaji wake kabla ya ubora wa mahema yake, na ni halali kabisa kuuliza mwongozaji amesomea nini, amefanya kazi hiyo muda gani na anazungumza lugha zipi. Wengi huzungumza Kihispania na Kiingereza. Wanaokijua Kikechua tangu utotoni ndio wanaoweza kukuunganisha na wapagazi na wanavijiji.

Kisha kuna namna ya kufika. Anayetembea Njia ya Inca huingia kupitia Intipunku, lango la mawe lililo juu ya mji, na huiona Machu Picchu chini yake kama alivyoiona mgeni wa zama zile. Wa Salkantay na Lares hulala Aguas Calientes, mji mdogo wa bondeni, na asubuhi hupanda basi pamoja na mamia ya watu waliokuja kwa treni. Kwa wengine tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliyeota mahali hapo tangu shuleni ni kubwa sana.

Watu wa Lares

Utamaduni si magofu peke yake, na hapo ndipo naona matangazo mengi ya safari za asili na utamaduni yanapomwacha msafiri nusu ya njia. Katika Njia ya Inca, baada ya Wayllabamba, hakuna kijiji tena. Watu pekee utakaokutana nao ni watalii wenzako na wanaowabebea mizigo. Katika Lares kikundi hupita Huacahuasi, Patacancha na vijiji vingine ambavyo watoto huenda shule kwa njia ileile mnayoipita, wanawake husokota sufu huku wakichunga, na wanaume huvaa ponjo nyekundu kwa sababu ndivyo wanavyovaa, si kwa ajili ya picha.

Ufumaji wa huku ni elimu. Mfumaji hukaa chini, hufunga ncha moja ya nyuzi kiunoni na nyingine kwenye mti au kigingi, na mwili wake ndio hukaza na kulegeza kazi. Sufu ni ya kondoo au alpaka. Rangi nyekundu hutoka kwa kochinili, mdudu mdogo anayeishi juu ya dungusi kakati, ambaye hukaushwa na kusagwa. Kijani na manjano hutoka katika majani na maua ya mlimani. Michoro ina maana kwa aliyeifuma, na kitambaa kimoja kikubwa huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo kubishana bei kama sokoni Kariakoo hapa hakufai. Anayeona bei ni kubwa kwake anunue mkanda mdogo au asinunue, na apige picha za watu baada ya kuomba ruhusa tu.

Viazi ni somo jingine. Andes ndiko kwao, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima huhifadhi maelfu ya aina zake. Familia moja ya Lares inaweza kupanda aina nyingi katika shamba moja, za rangi ya zambarau, nyekundu, nyeusi, kila moja ikistahimili baridi au ugonjwa kwa namna yake. Nyingine hugandishwa kwa baridi ya usiku, hukanyagwa ili maji yatoke, na kukaushwa kwa jua la mchana, zikawa chuño, chakula kinachokaa ghalani kwa miaka. Kikundi chenye bahati hupikiwa pachamanca: viazi, maharage na nyama hufukiwa ardhini pamoja na mawe yaliyopashwa moto. Kabla ya kula au kuanza mlima, wenyeji huweza kutoa majani matatu ya koka kwa Pachamama, dunia iliyo mama, na kwa apu, milima wanayoiheshimu kama walinzi. Mgeni hahitaji kushiriki. Anachotakiwa ni kunyamaza na kuheshimu.

Hatari ya Lares ni kwamba kijiji kinaweza kugeuzwa onyesho. Kabla ya kulipa, iulizwe kampuni kama ziara imekubaliwa na jumuiya ya kijiji, kijiji kinapata nini, na kikundi kitakuwa na watu wangapi. Katika njia hii ukubwa wa kikundi ni jambo zito kuliko katika nyingine zote: watu sita hukaribishwa jikoni, watu kumi na sita hupangwa uani.

Wanaobeba mzigo

Kuna uhusiano ambao hautajwi katika matangazo. Wapagazi wengi wa Njia ya Inca hutoka katika vijiji vya milimani kama Huilloc na Patacancha, yaani katika eneo hilohilo ambalo safari za Lares hulipitia. Anayetembea Njia ya Inca hubebewa na watu ambao hatafika kwao. Katika Salkantay na Lares mizigo hubebwa na farasi na nyumbu wanaoongozwa na wenyeji, lakini katika Njia ya Inca wanyama wa mizigo hawaruhusiwi, kwa hiyo hema, meza, gesi, viazi na mifuko ya wageni vyote hupanda Warmiwañusca juu ya migongo ya watu, wengine wakikimbia ili wakute wageni kambi ikiwa tayari.

Sheria ya Peru imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mwanamume, na kidogo zaidi kwa mwanamke, na mizigo hupimwa kwenye lango la Piscacucho. Ndiyo maana mtalii huruhusiwa takriban kilo 7 tu, begi la kulalia likiwemo. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa kikomo cha kilo 20 kipo pia Kilimanjaro, na kilio cha wapagazi wa Moshi na Arusha kuhusu ujira, mavazi ya baridi na chakula kinajulikana. Kwa hiyo tuulize huko kama tunavyopaswa kuuliza huku: je, wapagazi wana hema lao wenyewe lenye sakafu, au hulala katika hema la kulia wageni baada ya chakula? Wana bima? Hula mara ngapi? Bakshishi hugawanywaje? Kampuni inayojibu maswali hayo kwa uwazi na haraka naiamini hata katika mengine. Inayoyakwepa naiacha, hata ikiwa na bei nzuri.

Katika Njia ya Inca kikundi hakizidi watalii 16, na wakizidi wanane mwongozaji msaidizi hulazimika kuwepo. Kumbuka kwamba kikundi cha 16 huhitaji wahudumu zaidi ya 20, hivyo kambini mtakuwa watu karibu arobaini. Kuhusu chakula, nyama ya kuchinjwa Kiislamu si rahisi kupatikana milimani. Mwislamu aijulishe kampuni mapema aandaliwe samaki, mayai, nafaka ya kinoa na mboga, vitu ambavyo wapishi wa huko huvipika vizuri.

Uchaguzi

Aliye na nafasi moja tu maishani ya kufika Peru, mwenye magoti mazima, aliyepata kibali, na ambaye historia ndiyo iliyomvuta, achukue Njia ya Inca ya siku nne bila kusita, katika mwezi wa Mei au Septemba kuliko Juni na Julai. Mwezi wa Juni una Inti Raymi, sikukuu ya jua inayofanyika Cusco tarehe 24, ambayo inapendeza sana, lakini hoteli hujaa na bei hupanda. Aliyekwisha kupanda Kilimanjaro au kufika kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, anayependa baridi, barafu na mwendo mrefu, Salkantay itamfaa zaidi, na atabakiwa na fedha.

Lakini kwa mtu anayetaka asili na utamaduni kwa pamoja, na hasa kwa kikundi cha marafiki au jamaa wa umri tofauti, shauri langu ni jingine, nalo halitangazwi kwa nguvu kama linavyostahili: siku tatu za Lares, kisha Njia ya Inca fupi. Baada ya Lares kikundi hulala Ollantaytambo. Asubuhi hupanda treni na kushuka kilometa ya 104, huvuka daraja la mto Urubamba, hupita magofu ya Chachabamba na kupanda kwa saa sita au saba hadi Wiñay Wayna na Intipunku, njia yote ikiwa chini ya meta 2,800. Hakuna hema siku hiyo, hakuna mpagazi wa mizigo mizito, na usiku hulalwa hotelini Aguas Calientes. Machu Picchu hutembelewa kwa utulivu kesho yake. Msafiri huyo atakosa Warmiwañusca na Sayacmarca, na hilo ni pengo la kweli. Atakuwa ameona vijiji wanakotoka wapagazi, amekanyaga mawe ya barabara ya kale, na ameingia kwa lango lilelile la juu.

Njia hii fupi nayo ina kibali chenye idadi yake, tofauti na ile ndefu, na kwa kawaida huchelewa kidogo kuisha. Anayeitaka kwa Juni, Julai au Agosti aanze kuulizia mwanzoni mwa mwaka, athibitishiwe kibali kwa maandishi chenye jina na namba yake ya pasipoti, na baada ya hapo ndipo anunue tiketi ya ndege ya kwenda Lima.